Jemadari Aliyejibu "Ego"

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa ninyamaze. Nilifika ofisini Bukoba mjini nikiwa nimevaa gauni la kanisani, koo nimelilainisha kwa chai ya tangawizi, kwa sababu nilikuwa nimeajiriwa kuwa mkalimani wa sinema: mtu anayesimama kando ya pazia jeupe na kipaza sauti, akiwaeleza watazamaji waigizaji wanasema nini. Bwana Msimamizi, mzee wa Kiislamu wa Hamugembe ambaye hakuwahi kuvua kofia yake ya viua, alinikalisha kwenye benchi, akaamuru mkanda uwekwe kwenye mashine, na akanitazamisha filamu nzima bila kunipa kipaza sauti.

"Umeona nini?" aliniuliza taa zilipowashwa.

"Nimeona mtu amegombana na mkewe, Bwana Msimamizi, halafu mke akaenda kwa..."

"Sikukuomba umbea, binti. Yule mwanamume alivuta pumzi wapi?"

Sikujua. Filamu ikarudishwa mwanzo, nami nikatazama vifua vya watu mpaka jioni.

Ninyi vijana mnaotafsiri filamu kwenye simu mna bahati. Mnaweza kusimamisha picha, mkaenda kunywa maji, mkarudi. Sisi tulikuwa na mkanda ambao ukishaanza kuzunguka haumngoji mtu. Mwigizaji anasema, anavuta pumzi, anasema tena. Katika ile pumzi ndipo mkalimani anaingia. Kazi hiyo tuliiita kudandia, kama vijana wanavyodandia lori la ndizi likipunguza mwendo mlimani. Ukichelewa unaachwa barabarani, na ukiwahi unagongwa. Nikitaka kuingia niliinua kidole, na mwendesha mashine akaishusha sauti ya filamu. Nikimaliza nilikunja kidole, naye akaipandisha. Kwa hiyo mkalimani na mwendesha mashine walikuwa kama watu wawili wanaobeba jeneza: lazima waaminiane hatua.

Mwendesha mashine wangu aliitwa Ta Kaijage. Kwetu "Ta" ni heshima ya mwanamume, kama "Ma" ilivyo ya mwanamke, ndiyo maana hata mimi wengi wananiita Ma Koku ingawa jina langu ni Kokugonza. Ta Kaijage alikuwa mtu wa maneno machache mno. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, anatazama juu, kisha anakutazama wewe, kisha anafunika mashine.

Nilianzia Kashai, kwenye ukumbi uliozungukwa na vyumba vya kupanga, ambako watazamaji walikuwa wajuaji na walinirekebisha kwa sauti. Baadaye nilipangiwa Maruku, karibu na kituo cha utafiti wa kilimo. Huko tulionyesha kwanza filamu fupi za wadudu wa kahawa na ugonjwa wa migomba, na baada ya somo ndipo inafuata filamu kubwa, kama nyama baada ya dawa. Tulionyesha alasiri, kwenye kumbi za shule na za parokia, madirisha yakizibwa kwa magunia ya kahawa. Mpaka leo nikisikia harufu ya gunia, masikio yananisimama.

Watu hawakutuamini upesi. Mama mmoja wa Maruku aliniuliza, "Mnatuonyesha bure, mafuta ya jenereta ni yenu, gari ni lenu. Sasa ninyi mnakula wapi?" Nilimweleza kwamba taasisi iliyotuajiri ndiyo inayotulipa. Akasema, "Na taasisi inakula wapi?" Sikumcheka. Mtu anayeuliza hivyo ni mtazamaji mzuri. Anajua kuna kitu nyuma ya pazia.

Nilipohamishiwa Muleba, ndipo ilipokuja ile filamu.

Jina lake silijui. Mkanda ulitufikia ukiwa umekatika mwanzoni, na maandishi yote yamekwenda na kipande hicho, hivyo watu waliiita "Ya Jemadari" tu. Ni filamu ya zamani sana, haina rangi, ya mambo ya wafalme wa Ulaya. Jemadari mzee amerudi kutoka vitani, ambako amewazika wanawe wawili. Mfalme, kijana mwembamba anayezungusha pete kidoleni muda wote, ameambiwa na wapambe wake kwamba mzee huyo anataka kiti. Basi anamwita barazani mbele ya watu wote na kumhoji.

Nimetafsiri filamu nyingi maishani. Sijaona mwingine aliyeigiza kama yule mzee. Uso wake ulikuwa mrefu, umechoka, na hakuutumia hata kidogo. Wengine wakikasirika wanakunja paji, wanatoa macho. Yeye alivua glavu yake ya ngozi, kidole kimoja baada ya kingine, na ukumbi mzima wa Muleba ukawa unatazama vidole. Na maneno yao yalikuwa makali, mafupi, yanapishana kama mapanga.

Mfalme anasema, "Naambiwa askari wanakupenda kuliko wanavyonipenda mimi."

"Mimi nilikula nao."

"Na wanao, je? Walinipenda?"

"Waulize. Wamelala kwenye ardhi uliyoitaka."

Kisha mfalme anainuka kitini, pete inazunguka, anauliza swali la mwisho: "Unanitii?"

Hapo yule mzee alinyamaza. Nawaambia, kunyamaza kule ndiko kulikonifundisha kazi kuliko miaka yote ya nyuma. Kisha akajibu kwa Kiingereza, "Ndiyo," akataja na cheo cha mfalme, kama inavyotakiwa. Lakini alikitaja kile cheo kama mtu anayetema ganda la kahawa. Kilikuwa mdomoni, na papo hapo hakikuwapo.

Sasa nieleze shida yangu. Wazee wengi ukumbini walisikia Kihaya vizuri kuliko Kiswahili, hivyo sehemu nzito nilizisema kwa Kihaya. Kwa Kihaya, mkubwa akikuuliza jambo huwezi kujibu "Ego", yaani ndiyo, ukaishia hapo. Unajibu "Ego waitu". Hilo "waitu" ndilo heshima yenyewe. Mtoto anafundishwa kabla hajajua kujifunga kamba za viatu. Ningesema "Ego waitu" kwa sauti yangu ya kike, laini, watu wangesikia utii mtupu, na yule mzee angekuwa amefanya kazi bure. Nilikuwa na pumzi moja tu ya kuamua. Nikainua kidole, nikasema, "Ego." Nikakunja kidole.

Watu walikuwa wakitafuna kahawa, kama ilivyo desturi yetu mgeni akifika au watu wakikusanyika. Taya zote zilisimama kwa pamoja. Mtu mmoja nyuma akasema, "Yesu na Maria!" Halafu kicheko kikapasuka, kicheko cha hofu, na bwana mmoja aliyekaa kiti cha mbele akasimama, akapita mbele ya mwanga wa mashine, kivuli chake kikamfunika mfalme, akatoka nje.

Alikuwa Mwenyekiti wa chama cha wakulima pale kijijini. Sikumfahamu. Niliambiwa baadaye kwamba ni mtu aliyependa sana kuambiwa "waitu", hata na wazee wa rika la baba yake, na asiyemwambia alikumbukwa. Kesho yake kwenye mkutano alimuuliza kijana mmoja kama amepalilia shamba la mfano. Kijana akavuta pumzi ndefu, akamtazama, akasema, "Ego." Mkutano ukavunjika kwa kucheka. Juma lile lote kijiji kizima kilimjibu hivyo, hata muuza samaki.

Mwenyekiti akapanda gari mpaka Bukoba kunishtaki.

Wakati huo Bwana Msimamizi alikuwa amestaafu. Juu yetu sasa alikuwapo Bwana Mratibu, mtu kutoka mkoa wa mbali, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni, asiyejua neno la Kihaya. Aliniita, akafunga mlango.

"Bi Kokugonza. Umetumwa na nani?"

"Nimetumwa na ofisi, Bwana Mratibu. Kwenda Muleba."

"Usinichekeshe. Nani anataka kiti cha yule bwana? Nani anakupa maneno?"

"Maneno ni ya jemadari."

"Tutaona."

Kuanzia siku hiyo nilihisi macho mgongoni. Dereva aliacha kunisimulia habari. Ta Kaijage, ambaye hakuwa na maneno tangu mwanzo, sasa hakuwa na salamu. Alasiri moja nikipanga magunia dirishani nilikuta kinasa sauti kimefichwa kati yake, kaseti inazunguka. Nilimtazama Ta Kaijage. Akasema, "Mimi naendesha mashine. Nimeambiwa niendeshe na hiyo." Sikujua kama ananionya au ananiuza. Nilimshuku kwa muda mrefu, na sina hakika mpaka leo.

Kaseti ilisikilizwa ofisini, mimi nikiwapo, na Katibu Muhtasi ambaye ni mwenyeji wa Kanyigo, Mhaya kama mimi.

"Anasemaje hapo?" aliuliza Bwana Mratibu.

"Anasema ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo tu."

"Halafu?"

"Basi."

Bwana Mratibu aliweka kalamu chini. "Mtu mzima atoke Muleba mpaka hapa kwa sababu mtu wa kwenye filamu amesema ndiyo?"

Katibu Muhtasi alitazama sakafu. "Hakusema waitu."

"Waitu ni nini?"

"Ni... heshima tu."

"Kwa hiyo mnashtakiana kwa neno ambalo halipo kwenye kaseti?"

"Ndiyo," alijibu Katibu Muhtasi, kavu kabisa, na ikabidi niinamishe uso.

Lakini Bwana Mratibu hakuwa mjinga. Aliitazama filamu mwenyewe, maana Kiingereza alikijua. Akaniita tena, na safari hii hakufoka. Ilikuwa mbaya zaidi.

"Kwa Kiingereza amekitaja cheo cha mfalme. Nimesikia. Wewe umekiondoa. Kwa nini?"

Nilimweleza polepole, kama ninavyowaeleza ninyi: kwamba cheo kiko mdomoni lakini sauti imekiondoa, na mimi sina sauti ile, kwa hiyo niliondoa neno ili kuifuata sauti.

"Kwa hiyo umetia lako."

"Nimetoa, Bwana Mratibu. Sikutia."

"Sikiliza. Jumapili filamu itaonyeshwa kijiji kingine, kule karibu na ziwa, ambako haijafika. Hutafungua mdomo. Mwenyekiti nimemwalika, atakaa na mimi. Watu wakishtuka pale pale waliposhtuka wenzao, ni yule mwigizaji. Wasiposhtuka, ni wewe. Na kama ni wewe, Jumatatu usije kazini."

Nilikuwa na watoto shuleni na baba yao alikuwa ameshafariki. Sikulala vizuri siku zile. Jambo lililonitesa si Bwana Mratibu. Nilikuwa nimeanza kujishuku mwenyewe. Huenda hakukuwa na kitu katika sauti ile. Huenda nilikuwa nimemtazama mzee wa watu siku zote hizo nikamvika maana zangu, kama mtu anayesikia jina lake kwenye upepo.

Jumapili ukumbi ulijaa. Magunia dirishani, jenereta inanguruma nje, mimi benchi la nyuma nimefumbata mikono. Kitu cha kwanza walichouliza ni kwa nini nimekaa.

"Ma Koku! Mbona kimya? Umekatwa ulimi?"

"Leo ana kiburi!"

"Wamempunguzia mshahara huyo."

Filamu ikaenda kwa Kiingereza kitupu. Watu walipiga soga, watoto walilia, mzee mmoja alikoroma wazi. Nilihesabu mambo mabaya yote yanayonijia. Kisha likafika baraza la mfalme. Yule mzee akaanza kuvua glavu. Sijui ni kidole cha ngapi, lakini soga zilianza kuzimika, benchi baada ya benchi, kutoka mbele kuja nyuma. Mfalme akauliza. Jemadari akajibu. Mfalme akauliza. Jemadari akajibu. Hakuna aliyeelewa neno, na hakuna aliyetafuna. Mfalme akainuka, pete inazunguka, akauliza swali lake.

Jemadari akanyamaza.

Akajibu.

Bibi mmoja aliyekaa mbele yangu, ambaye nina hakika hakuwahi kusikia Kiingereza zaidi ya "gud moning", aliweka mkono mdomoni. "Ah!" akasema. "Mbona hakusema waitu?"

Ukumbi ukaguna wote. Na kutoka mbele nikasikia sauti ya Mwenyekiti, juu ya sauti ya mashine, anamwambia Bwana Mratibu kwa Kiswahili: "Umesikia? Umesikia? Amerudia tena!"

"Nani? Bi Kokugonza hajasema kitu."

"Si yeye! Huyo! Huyo jemadari!"

Nilicheka mpaka machozi, na machozi hayakuwa ya kucheka peke yake.

Baada ya filamu, Ta Kaijage akikunja waya, Bwana Mratibu alikuja na kusimama karibu nami. "Lakini alikitaja cheo," akasema, kama anayemwuliza mtu mwingine. "Nimemsikia kwa masikio yangu, amekitaja."

"Amekitaja, Bwana Mratibu."

"Basi." Akatoa kalamu moja mfukoni, akaitazama, akairudisha. "Sasa kama yule bwana anajitosheleza namna ile, wewe tunakulipa kwa nini?"

 Niliona nimetoka shimo moja nikaingia jingine. Aliyejibu ni Mwenyekiti, aliyekuwa amekuja nyuma yetu na kofia mkononi. Hakuniangalia. Alisema akiitazama spika ya mashine.

"Mfalme alimwambia nini baada ya pale?"

Nilikumbuka kwamba ile siku ya kwanza aliondoka kabla ya kusikia. Na leo alikaa mpaka mwisho, lakini Kiingereza hana.

"Si uliona, Mzee?" nikamwambia. "Aliacha kuzungusha pete."

"Hilo niliona. Nauliza alisema nini. Nimetoka nyumbani kwangu, nimekaa humo ndani alasiri nzima, nimetukanwa na Mzungu, na sijui mfalme alimjibu nini!"

Nikamwambia kwa Kihaya, taratibu, vile mfalme alivyosema, kwa sauti ya chini ya mtu aliyechoka kuogopa: "Sasa najua hukunisaliti. Msaliti angenijibu vizuri zaidi."

Mwenyekiti alinisogelea hatua moja. 

"Rudia."

Nikarudia.

Akavaa kofia. Akamgeukia Bwana Mratibu, akasema kwa Kiswahili, "Huyu mama aachwe aseme. Filamu bila yeye ni kama kutazama watu wanakula dirishani." Akaenda zake kwenye rweya, ile mbuga ya majani iliyo kati ya vijiji, hatua ndefu, hakuaga.

Nilirudi kazini Jumatatu. Msidhani Mwenyekiti alibadilika akawa mnyenyekevu. Hayo ni mambo ya filamu mbaya. Watu wa kijiji chake waliniambia kwamba aliendelea kupenda kuitwa "waitu". Ila tangu siku ile, mtu akimjibu "Ego waitu" kwa sauti tamu sana, Mwenyekiti alikuwa anasita na kumtazama mtu huyo usoni kwa muda, kana kwamba anatafuta kitu alichokipoteza.

Nilistaafu mikanda ilipokwisha na mashine zetu zikawekwa stoo. Sasa naishi Maruku kwenye kibanja changu, kati ya migomba na mibuni michache, na vijana wanaotafsiri filamu hunijia na simu zao niwasikilize. Wana vipaji, wanachekesha, nawasifu kwa haki. Ninawaomba jambo moja tu: wasiseme muda wote. Mwigizaji mkubwa akinyamaza, nanyi nyamazeni. Mkiogopa kimya hamtajua kilichokuwa ndani yake, na watazamaji wenu watawasikia ninyi tu. Tena jifunzeni kushuku. Mtu akisema neno zuri kwenye filamu, usikimbilie kulitafsiri. Msikilize kwanza. Na nje ya filamu pia, maana mimi nimekwisha haribika, siwezi tena kusifiwa kwenye hafla bila kusikiliza pumzi ya msemaji.

Mjukuu wangu alinitafutia kile kipande cha barazani, sijui alikitoa wapi, akakiweka kwenye simu yake. Nimekitazama mara nyingi. Najua vidole, najua kimya, najua pumzi inapoanza kifuani. Lakini namna alivyokitamka kile cheo bado siielewi. Hafundishwi mtu vile. Nashuku yule mzee hakuwa akiigiza hata kidogo. Nashuku siku ile, nyuma ya kamera, alikuwapo bosi fulani amekaa kwenye kiti chake, naye alikuwa anangoja ajibiwe.